Tonge la Mpita Njia

Ukuta ulipinda. Ndinelago aliutazama kwa upande huu, akaenda akautazama kwa upande ule, akafumba jicho moja, akafumba na la pili, lakini ukuta wa udongo haubembelezwi kwa macho. Ulianza vizuri kabisa kule kwenye kichuguu kikubwa, ukaja umenyooka kama ramani ilivyotaka, halafu ulipofika nyuma ya shamba la uwele la mama yake ukaanza kukata kona, polepole, bila haya, kuelekea bondeni. Na maji yalikuwa yanakuja. Redio iliyataja kila asubuhi: yamejaa Angola, yamevuka mpaka, yanashuka. Wakati kama huo ukuta wa kuzuia mafuriko hauna ruhusa ya kwenda unakotaka wenyewe.

"Nani kawaambia mpite huku?" aliwauliza kobe.

Kobe hawakujibu, maana hawakuwa kobe. Zilikuwa mashine ndogo za mgongo wa mviringo na miguu sita, kundi zima, alizoziunda mwenyewe huko Windhoek kwa miaka ya kula mkate mkavu na kulalia meza. Jina la kobe walipewa na watu wa kijijini kwao, Onekulo, siku ileile waliposhushwa garini, na tangu hapo hakuna aliyewaita kitu kingine, hata yeye mwenyewe.

Kila kobe alikuwa na akili ya kutosha kung'ata udongo mbichi shimoni, kutembea nao na kuutema mahali. Basi. Hakuwa na mkuu wala wa kumwuliza. Ndani yake alikuwa na ramani iliyomnong'oneza kidogo, na pua ya kunusa udongo mbichi, ambayo ilimwambia kwa sauti kubwa zaidi: mwenzako ameweka hapa, na wewe weka hapa. Ndivyo mchwa wanavyofanya. Ukimchukua mchwa mmoja ukamweka kiganjani, ni mpumbavu wa kupindukia. Hajui kichuguu ni nini wala kinakwenda wapi. Lakini wote kwa pamoja wanajua, na hicho wanachokijua hakimo kichwani mwa yeyote, kimo katikati yao. Ndinelago aliamini kwamba fahamu inaweza kukaa hapo katikati, iwe kwa viumbe vya damu au vya chuma, na kwa imani hiyo alikuwa amegombana na karibu ofisi nzima.

Aliyebishana naye zaidi alikuwa mkuu wake, Tate Amakali.

"Kitu kisicho na mkuu ni fujo, Ndinelago," alikuwa akimwambia. "Mimi mwenyewe ni mkuu, najua."

Sasa Jumatatu Tate Amakali alikuwa anakuja kuukagua ukuta. Akiukuta umefuata ramani, kobe wangebaki kaskazini, na wengine wangeundwa kwa ajili ya vijiji vyote vilivyo njiani mwa maji. Akiukuta umepinda, kobe wangepakiwa kwenye lori wakaozee ghalani, na Ndinelago angerudi kuchora mabomba ya vyoo vya serikali. Kwa hiyo mtu asimcheke kwa kuongea na mashine. Alikuwa ameshikwa pabaya.

Kwanza alidhani yuko kobe mmoja mgonjwa anayewapotosha wenzake. Alishinda juani akiwapindua mmoja mmoja, akiwapima pua, akiwachungulia tumbo. Wote wazima. Alikuwa bado amepiga magoti, matope yamemfika viwikoni, alipopita jirani yao Tate Kanime na mbuzi wake, fimbo begani.

"Umeshinda, mwanangu?"

"Nimeshinda, Tate."

"Salama?"

"Salama."

"Na hawa watu wako wameshinda?"

"Ni mashine, Tate."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza wameshinda?"

"Wameshinda."

"Haya, mambo si hayo," alisema Tate Kanime, akapita zake ameridhika.

Mama yake, Meme Hambeleleni, alimletea kibuyu cha oshikundu, togwa ya uwele, akasimama kumngoja anywe. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani, na kitu chochote kilichomchosha binti yake alikiona ni adui wa familia.

"Kunywa kwanza. Ukuta hautakimbia."

"Ndio hivyo unakimbia, Meme. Angalia unakoelekea."

"Unaelekea wapi?"

"Kwa Meme Ndahafa."

Uso wa mama yake ulifungwa kama duka. "Mimi simjui mtu wa jina hilo," alisema, akachukua kibuyu chake kabla binti hajamaliza.

Hamjui, na moshi wa jiko la huyo asiyemjua unaonekana pale waliposimama! Walikuwa marafiki hawa, wa kusukana nywele na kutwanga uwele kinu kimoja, michi miwili ikipishana bila kugongana. Kisha mwaka mmoja, msimu wa ng'ongo, watu wamekusanyika wanakunywa pombe ya matunda hayo kwa Meme Hambeleleni, Ndahafa akanywa funda moja, akaramba midomo, akasema mbele ya kadamnasi kwamba kumbe mvua imenyesha hadi mtungini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Meme Hambeleleni hakucheka. Ndinelago alikuwa bado shule ya bweni wakati huo. Sasa alikuwa mhandisi mwenye mvi mbili tatu, na wale wawili hawajawahi kusalimiana tena, jambo ambalo Onekulo ni zito kuliko kutukanana.

Baadaye Ndahafa akafiwa na mumewe, wanawe wakaenda migodini kusini, akabaki peke yake bondeni. Ndinelago alipochora mstari wa ukuta, alimwacha nje. Hakumwacha kwa ubaya. Nyumba ile ilikaa chini mno, na kuizungushia ukuta kungeongeza kazi karibu nusu, hesabu ilikataa. Alikwenda mwenyewe kumweleza, akiwa na maneno yake ameyapanga, na yule mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Hema la wakimbia maji nimelizoea. Nina mpaka kona yangu kule kambini." Akainuka kumtafutia karanga za kwenda nazo.

Zile karanga zilimkaa Ndinelago kooni kwa siku kadhaa. Lakini hesabu ni hesabu, alijiambia, na akaendelea.

Sasa ukuta ulikuwa unamwendea huyohuyo. Jumamosi jioni aliupima tena, akakuta kona imezidi. Aliamua kwamba kuna mtu. Watoto, labda, au mlevi, au adui wa maendeleo, maana kila kijiji kinaambiwa kinaye mmoja. Kesho yake, ibada ilipokaribia kwisha, alijifungia ndani ya gari la ofisi lenye vioo vyeusi, akaliegesha karibu na ule mpindo, akateremka kwenye kiti kama jasusi, akangoja. Ukuta ulipita juu ya ardhi kavu, na watu walikuwa wameshaufanya njia ya kutoka kanisani.

Wa kwanza alikuwa Tate Kanime, ndani ya suti yake ya kahawia. Alifika usawa wa kobe, akavua kofia kidogo kuwasalimu. Kisha, bila kusimama sawasawa, mazungumzo yake na mwenzake yakiendelea vilevile, aliinama shimoni, akachota udongo mbichi, akaufinyanga tonge, akaubandika ukutani. Akajipangusa kwenye nyasi. Akaendelea na safari. Kobe watatu waligeuza pua, wakaja, wakatema matonge yao juu ya lake.

Ndinelago aliinuka kitini, akabandika paji la uso kiooni.

Wakaja wanawake wa kwaya na magauni yao ya mistari ya waridi, wakicheka jambo la mchungaji. Mmoja tonge, wa pili tonge, wa tatu akamshikisha mwenzake kitabu cha nyimbo, naye tonge. Akaja mwalimu wa shule na mkewe. Akaja kijana mwenye simu sikioni, tonge kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Hakuna aliyemwangalia mwenzake ameweka wapi. Hakuna aliyesimama kufikiri. Na kila tonge liliangukia pembeni kidogo ya mstari, upande wa bonde.

Hapo alielewa sehemu ya kwanza, akataka kujipiga kofi. Amekulia wapi yeye? Onekulo hupiti penye watu wanaofanya kazi na mikono yako imening'inia. Hata kama umevaa nguo za harusi, unang'oa jani moja shambani kwao, unatwanga mara mbili tatu kinuni kwao, ndipo unapita. Asiyefanya hivyo watu humwuliza kama alizaliwa au aliokotwa. Ndinelago aliwaleta wafanyakazi kijijini, akawaweka njiani kila siku, halafu akashangaa watu wakiwa na adabu! Windhoek walipojaribu kobe ndani ya ukumbi, wapita njia walipiga picha tu.

Alishuka garini, akamkimbilia Tate Kanime.

"Tate! Kwa nini umeweka udongo?"

"Nimeweka?" Mzee alitazama viganja vyake. "Ah. Sasa wenzangu wako kazini, nipite tu kama sina mama?"

"Haya, lakini kwa nini pale? Kwa nini usiweke mbele, kwenye mstari?"

Tate Kanime aligeuka akautazama ukuta kwa muda, kichwa upande. Ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kujiuliza.

"Pale palionekana hapajafika," alisema.

"Hapajafika wapi?"

"Mwanangu, unaniuliza kama polisi. Sijui wapi. Ukiutazama tu unaona bado." Alivaa kofia yake. "Wewe ndiye msomi, utuambie."

Aliwauliza na wanakwaya. Mmoja alisema aliona pamebonyea. Mwingine alisema mkono ulikwenda wenyewe. Wa tatu aliuliza kama kuna faini. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Meme Ndahafa, na Ndinelago, aliyewachunguza nyuso kama alivyochunguza matumbo ya kobe, aliona hawamfichi kitu. Hawakukaa kikao. Hawakunong'onezana. Mtu mmoja mmoja hakujua.

Alirudi garini, akaketi. Njia ilikuwa imetulia, kobe wanakwenda na kurudi. Alikuwa karibu kuwasha gari alipomwona mama yake anakuja, peke yake, amewaacha wenzake mbali. Meme Hambeleleni alifika penye mpindo, akatazama kulia, akatazama kushoto kama mwizi wa mayai. Akapandisha gauni, akashuka shimoni, akatoka na bonge la udongo la kujaza mikono miwili. Hakulibandika akapita. Alilishindilia, akalipigapiga, akalilainisha kwa kiganja kama anavyolainisha ugali wa mgeni, upande wa bonde kabisa, mahali ambapo ukuta ulikuwa haujafika bado. Akasimama hapo kidogo akiutazama moshi wa jiko la mtu asiyemjua. Kisha akajipangusa, akashika njia ya nyumbani.

Ndinelago alilia. Hakujua analia nini hasa, ila alijisikia vizuri, vizuri mno, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa hajui kwamba ameubeba. Miaka yote ameitafuta ile fahamu inayokaa katikati, isiyo ya yeyote na iliyo ya wote. Ameitafuta kwenye vichuguu, ameitafuta kwenye vyuma. Ilikuwa hapa kwao, imevaa nguo za kanisani. Kobe wake hawakupotoshwa. Walinusa akili kubwa kuliko yao, wakajiunga nayo, kama walivyofundishwa.

Simu yake ilikuwa mkononi. Angeweza kuipandisha sauti ya ramani ndani ya kila kobe, na hadi kesho mpindo ungekuwa umebomolewa, mstari umenyooka, mkuu amefurahi. Kidole kilikuwa kimeshafika. Aliogopa, na si kidogo. Aliyaona mabomba ya vyoo kwa macho yake. Aliirudisha simu mfukoni, akashuka, akachota tonge lake, akaliweka juu ya lile la mama yake.

Jumatatu Tate Amakali alifika na viatu vinavyong'aa na ramani imekunjwa kwapani. Nusu ya kijiji ilikuwa hapo, kwa sababu mgeni ni mgeni. Salamu pekee zilichukua muda wa kuchemsha chungu. Kisha akatembea juu ya ukuta, Ndinelago nyuma yake, mpaka penye mpindo, akafungua ramani, akaitazama, akatazama ardhi, akaitazama tena.

"Hii ni nini?"

"Ni ukuta, Tate."

"Naona ni ukuta. Mstari uko wapi?"

"Umepinda ukamchukua Meme Ndahafa. Bado kipande kidogo ufunge."

"Nani ameamua?"

"Hakuna, Tate."

"Hakuna ndiye nani? Ana ofisi?"

Watu walicheka. Ndinelago alimweleza yote: udongo, pua, wapita njia. Aliongea haraka na vibaya, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi inavyosikika. Tate Amakali alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyeshaamua.

"Binti yangu," alisema, "mimi sikuchukii. Lakini hiki ndicho nilichokuwa nakwambia. Umeunda vitu visivyo na mkuu, vimekwenda vinakotaka. Leo kwa mama huyu, kesho katikati ya barabara. Lori litakuja kesho."

Ndinelago aliwaangalia kobe wanavyokwenda na kurudi. Nyuma yake Meme Hambeleleni alivuta pumzi ya kusema jambo kubwa, na Tate Kanime alimshika mkono. Mkuu alikunja ramani, akaaga kwa heshima zote, akageuka kuelekea garini. Njia ya garini ilipita kandokando ya shimo, na kobe walikuwa kazini.

Tate Amakali aliinama. Alichota udongo, akaufinyanga tonge, akanyoosha mkono, akaubandika ukutani, kwenye mpindo, upande wa bonde, akaubonyeza kwa kidole gumba. Alipiga hatua mbili mbele akijipangusa kwenye suruali yake safi. Ndipo aliposikia jinsi watu walivyonyamaza.

Alitazama mkono wake. Alitazama suruali. Aligeuka akautazama ukuta, na kobe wawili waliokuwa wameshafika kutema juu ya tonge lake.

"Tate," alisema Ndinelago taratibu, "kwa nini umeweka pale?"

Mkuu alitoa ramani kwapani, akairudisha. Alionekana kijana ghafla. "Nimelelewa na bibi," alisema hatimaye. "Ukipita watu kazini bila kugusa, ulikuwa huli siku hiyo."

"Hilo tunalijua," alisema Tate Kanime. "Anauliza kwa nini pale."

Tate Amakali aliutazama ukuta, kichwa upande, kama alivyofanya mzee mwenyewe siku ya Jumapili.

"Palionekana hapajafika," alisema.

Kijiji kilipasuka kicheko. Wanakwaya walishikana mabega, mama mmoja akapiga vigelegele, na mkuu mwenyewe, baada ya kujikaza kidogo, alishindwa, akacheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho, akajipaka matope usoni. Alipopata pumzi alisema lori lisije. Alisema pia kwamba ramani itachorwa upya kwa kuufuata ukuta, na kwamba mtu asimwulize ofisini jambo hilo amelielezaje.

Maji yalifika siku chache baadaye, ukuta umeshafunga, asubuhi, bila kelele, kama ng'ombe wanaorudi zizini wenyewe. Yalijaa bonde lote, yakaja na samaki na vyura, yakagonga ukuta, yakaugonga tena, yakatulia. Ndani ya ukuta uwele ulikuwa umesimama mkavu, na nyumba ya Meme Ndahafa ilikuwa kavu, naye alikuwa uani kwake kwenye kigoda akisafisha kambare, kwa mara ya kwanza mwaka wa mafuriko bila hema.

Ndinelago alikuwa ukutani akikagua nyufa alipomwona mama yake anakuja juu ya ukuta na udongo mkononi. Safari hii hakutazama kulia wala kushoto. Alifika karibu na ua ule, akachuchumaa, akaanza kuziba mahali.

Meme Ndahafa aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda, kisu kimesimama juu ya kambare.

"Hapo hapavuji," alisema. "Panapovuja ni huku kwangu."

"Nimekuuliza?" alijibu Meme Hambeleleni.

"Hujaniuliza."

"Basi."

Alibaki amechuchumaa, udongo unamchuruzikia viwikoni. Kobe mmoja alipita katikati yao na tonge lake, akashuka kuelekea kulekule Ndahafa alikoonyesha. Meme Hambeleleni alimfuata kwa macho. Kisha akainuka kwa kuguna, akashuka ukutani, akakanyaga ua ule, akabandika udongo wake panapovuja, akaushindilia vizuri.

"Na una maji ya kunawa?" aliuliza, bado amempa mgongo.

"Yamejaa bonde zima," alisema Meme Ndahafa. "Usiyatie mtungini tu."

Ndinelago aliacha kukagua nyufa. Mabega ya mama yake yalianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha mwili mzima, na kwa mara ya kwanza tangu ule msimu wa ng'ongo aliucheka ule utani, akacheka mpaka ikabidi akae chini, hapohapo matopeni, karibu na kigoda cha mwenzake.